Mekatilili, Kisii na tuzo za masomo ya Uingereza

Oktoba 1913 serikali ya Kiingereza ilimkamata Mekatilili wa Menza pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawatoa Giriama na kuwapeleka mbali kabisa na pwani, hadi Kisii. Mapema mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Habari hiyo kila mtu wa pwani anaijua. Wasilolitia maanani wengi ni kwamba tunazo tarehe za kukamatwa na kutoroka kwao kwa sababu Waingereza waliziandika. Barua za Arthur Champion, afisa aliyewekwa kuwasimamia Wagiriama, ripoti zilizopita Mombasa, majibu ya Nairobi na maulizo ya London, karatasi hizo zilifungwa mafaili na kuwekwa. Na kitabu kinachotajwa zaidi juu ya vita vile, kilichotoka mwaka 1981, kimeandikwa na Cynthia Brantley, Mmarekani aliyesoma mafaili hayo na kuwahoji wazee wa Kigiriama.

Mimi ni mtu wa Mombasa lakini naandika haya nikiwa Nyamache, kaunti ya Kisii, ambako nafundisha. Ni nchi ya chai na ndizi, baridi yake haina huruma, na mji wa Kisii alikofungwa bibi yetu uko safari ya matatu tu kutoka hapa. Msichana mmoja niliyemfundisha miaka iliyopita amemaliza shahada ya historia kwa alama za juu, na alikuja kuniuliza kuhusu tangazo aliloliona kwenye simu: tuzo na ufadhili wa utafiti katika “masomo ya Uingereza”. Alitaka kujua kama jambo hilo linamhusu. “Mwalimu, mimi Uingereza naijulia wapi?” Wiki hiyohiyo mpwa wangu wa Kibokoni aliniuliza swali lilelile kwa maneno mengine. Nimeona heri niwajibu wote wawili hapa, kwani wako wengi wenye swali hilo ambao hawana wa kumuuliza.

Jibu fupi ni kwamba linawahusu sana. Jibu refu lina milango kadhaa, na mingine imefungwa kwa namna ambayo tangazo halielezi.

Tuanze na jina lenyewe. Mtu akisikia masomo ya Uingereza hufikiria Shakespeare, wafalme na bunge la London. Zamani ndivyo yalivyokuwa, na vyuo vyetu vilirithi mtindo huo. Ndiyo maana Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi iondolewe, na mahali pake iwekwe idara itakayoiweka Afrika katikati. Wao walikuwa wakiuliza kwa nini sisi tuisome Uingereza kana kwamba ndiyo kitovu cha dunia. Lakini huko Uingereza na Marekani nako swali liligeuka. Wanahistoria waliona kuwa huwezi kuieleza Uingereza ya karne ya 19 na ya 20 bila kueleza ilikuwa ikifanya nini Mombasa, Zanzibar, Calcutta na Kingston. Koloni likaingia ndani ya masomo ya Uingereza. Hivyo faili la Mekatilili ni faili la Giriama, ni faili la Kenya, na pia ni faili la Uingereza, na mtu anaweza kulisomea kwa pesa zilizotengwa kwa historia ya Uingereza.

Mpaka huo bado unagombaniwa. Royal Historical Society ya London kwa miaka mingi ilitoa tuzo mbili kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi: Whitfield kwa historia ya visiwa vya Uingereza na Ireland, na Gladstone kwa historia isiyokuwa hasa ya Uingereza. Sasa nikuulize, msomaji: kitabu juu ya afisa wa Kiingereza aliyechomwa mkuki Kisii kingeingia fungu gani? Upande wa Marekani, jumuiya ya wanahistoria ya huko ina tuzo ya Morris D. Forkosch, na hiyo inataja waziwazi historia ya Uingereza, ya dola lake na ya Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma maneno ya tangazo moja moja. Likitaja dola au ukoloni, wewe umo. Likitaja visiwa peke yake, usipoteze usiku wako.

Kuna mtu atasema hizi ni tuzo za wasomi wanaopongezana wao kwa wao. Mimi nisingekubali haraka hivyo, kwa sababu ya Caroline Elkins. Alianza kuchunguza kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau akiwa mwanafunzi, akaendelea nazo katika uzamivu wake Harvard, na kitabu alichokitoa 2005 kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2006. Wapo waliomshambulia kwa hesabu zake na kwa kutegemea ushahidi wa mdomo. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London kwa mateso waliyoyapata kambini, na Elkins akawa mmoja wa wanahistoria waliotoa ushahidi, pamoja na David Anderson na Huw Bennett. Kesi ilipokuwa ikiendelea, mwaka 2011, serikali ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni 37, yakiwemo ya Kenya yaliyosafirishwa wakati wa uhuru. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Utafiti ulioanza kwa ufadhili wa mwanafunzi uliishia kwenye mkono wa bibi kizee wa Kenya. Mafaili yale sasa yako katika Makavazi ya Kitaifa ya Uingereza, Kew, kwenye fungu linaloitwa FCO 141, na mtu yeyote anaweza kuyaagiza mezani.

Anaweza akiwa na nauli, bila shaka. Hapo ndipo ufadhili unapokuja.

Watu huchanganya tuzo na ufadhili. Tuzo hulipa kazi iliyokwisha: makala yaliyochapishwa, kitabu kilichotoka. Mara nyingi hata si wewe unayeomba, mchapishaji ndiye anayepeleka nakala kwa waamuzi. Ufadhili hulipa kazi ambayo bado haijafanywa: karo, chakula, nauli ya kwenda makavazi, mwaka mmoja wa kukaa na kuandika. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza hana haja ya kuangalia tuzo. Anachohitaji ni kidato cha kwanza cha ngazi hii, yaani pesa za uzamili au za uzamivu, na tuzo zitamfuata huko mbele kama kazi ni nzuri.

Tangazo aliloliona mwanafunzi wangu lilikuwa la North American Conference on British Studies, chama kilichoanzishwa mwaka 1950. Wao wana tuzo ya Stansky kwa kitabu bora juu ya Uingereza tangu 1800, tuzo ya John Ben Snow kwa vitabu vya zama za kabla ya hapo, tuzo ya Walter D. Love kwa makala bora, na ufadhili wa mwaka mmoja kwa wanafunzi wa uzamivu wanaotakiwa kwenda Uingereza kufanya utafiti. Alifurahi sana kuyasoma. Ikabidi nimwonyeshe mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo: ufadhili ule ni wa wanafunzi walioandikishwa katika vyuo vya Marekani au Kanada, na tuzo za vitabu ni za wasomi wanaoishi huko. Raia wa nchi yoyote anaweza, lakini sharti awe ameshaingia. Mtu wa Nyamache aliyesajiliwa chuo cha Nairobi, hata awe na kazi inayowapita wote, hamo.

Sheria hiyo siipendi. Kisii na Giriama ndizo zilizotoa damu na karatasi, kisha tuzo ya kuzieleza inafungwa kwa anwani ya posta ya mwandishi. Lakini chama ni chao na pesa ni zao, na malalamiko yangu hayatamfikisha msichana huyu popote. Kinachomfaa ni kujua kwamba mlango halisi ni ule wa kuandikishwa chuoni.

Kwa Marekani, vyuo vikubwa vikikupokea kwa uzamivu wa historia kwa kawaida huja na malipo yake: karo inasamehewa na unapewa posho, nawe unasaidia kufundisha. Usiingie uzamivu wa huko kwa kujilipia. Kwa Uingereza mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa nje hutozwa karo ya juu kuliko mwenyeji. Afadhali kidogo ni kwamba tangu 2021 mabaraza ya utafiti ya huko yameruhusu wageni wapate hadi asilimia 30 ya nafasi za ufadhili wao wa uzamivu, nafasi ambazo zamani mgeni alikuwa hazipati kikamilifu.

Kisha kuna njia zinazojulikana zaidi. Commonwealth ilianza kwa makubaliano ya mwaka 1959, inalipa karo, tiketi na posho kwa uzamili na uzamivu, na inakutaka urudi nyumbani. Chevening ilianza 1983, ni mwaka mmoja wa uzamili, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili na uahidi kurudi kwenu kwa miaka miwili. Hapa wengi huanguka bure: kazi ya kujitolea na vibarua vya ualimu vinahesabika kwa saa, basi mwalimu wa mkataba wa shule ya kijijini asijione hana kazi. Rhodes inapeleka Oxford, na Kenya imekuwa na nafasi zake tangu 1986, ila umri wake ni wa ujanani, mtu asingoje. Jina la Cecil Rhodes linawatia watu kichefuchefu, na wana haki, lakini waliopigania sanamu yake iondolewe Oxford walikuwemo wenye ufadhili wake wenyewe. Gates Cambridge iko wazi kwa raia wa nchi zote isipokuwa Uingereza. Na hapahapa Nairobi, Kileleshwa, kuna British Institute in Eastern Africa, ile taasisi ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Neville Chittick, alichimba Kilwa na Manda. Wao hutoa ruzuku ndogo za utafiti na huchukua vijana waliohitimu wakajifunze kazi, na maktaba yao ni hazina kwa mtu wa historia ya pwani. Nashangaa ni wangapi kutoka Mombasa na Lamu waliowahi kugonga mlango ule.

Chevening na Commonwealth hazidai shilingi hata moja kwa kuomba. Nalisema hili kwa herufi zote kwa sababu mwanafunzi wangu, kabla ya kuja kwangu, alikuwa ameshamlipa wakala mmoja mjini shilingi 18,000 “za kufungua fomu”. Pesa hizo zilitoka kwenye bonasi ya chai ya mama yake, ile ambayo wakulima wa huku huisubiri mwaka mzima. Wakala alimjazia fomu ambayo iko bure mtandaoni, akaandika insha ya watu wote, yenye maneno makubwa juu ya kubadilisha dunia, wala hakumwuliza anataka kusoma nini. Tulipoifungua tulikuta jina la nchi nyingine limesahauliwa katikati ya aya. Simu yake siku hizi haipokewi. Pwani nako hawa wamejaa, na wanavaa suti nzuri kuliko maafisa wa ubalozi.

Basi kitu gani kinachomfanya mtu apewe? Waamuzi wanasoma mamia ya maombi, na karibu wote wanasema wanapenda elimu na wanataka kusaidia jamii. Anayebaki kichwani mwao ni yule mwenye swali. Kwa hivyo nilimwambia aache Uingereza kwa muda, anieleze anachokijua cha hapa kwao.

Akaanza kunisimulia habari ya Moraa, nabii wa kike wa Kigusii aliyewahimiza watu wake wawapinge Waingereza, na ya Otenyo, kijana aliyemchoma mkuki afisa G. A. S. Northcote Januari 1908. Northcote hakufa, na wazee mpaka leo humwita Nyarigoti. Serikali ilituma askari, wakaua watu wengi, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Taarifa zilipofika London, Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kuhoji mauaji ya kiasi kile. Otenyo aliuawa, na wazee wa Kisii wanasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza, wamekuwa wakikidai. Northcote naye alipanda vyeo mpaka akawa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937.

Alipofika hapo nikamwuliza: unajua kwamba miaka mitano baadaye serikali hiyohiyo ilimleta mwanamke mwingine mwenye sauti kama ya Moraa, kutoka kwetu, ikamweka kifungoni hapahapa Kisii? Alinyamaza. Hakuwa amewahi kuziweka habari hizo mbili pamoja. Shuleni Moraa hufundishwa kama habari ya Kisii na Mekatilili kama habari ya pwani. Lakini aliyekuwa akiandika ripoti za kote kuwili alikuwa serikali moja. Je, maafisa walijifunza nini Kisii 1908 ambacho walikitumia Giriama 1913? Walimwonaje mwanamke anayesimama mbele ya watu na kusema? Kwa nini walidhani Kisii, nchi waliyokuwa wameipiga juzi tu, ni mahali salama pa kumficha mchochezi?

Hayo ndiyo maswali ya ufadhili. Yana tarehe, yana mahali, yana mafaili ya kusoma, na yanaweza kumalizwa kwa miaka mitatu. “Nataka kuchunguza athari za ukoloni Afrika” halimaliziki kwa maisha ya watu kumi, na mwamuzi analijua hilo kabla hajafika mstari wa pili.

Kuna waliopita njia hii kabla yao, na majina yao yafaa kuandikwa kwenye ombi. Profesa Ahmed Idha Salim alisomea uzamivu Chuo Kikuu cha London, na kazi yake juu ya watu wasemao Kiswahili wa pwani ya Kenya, kuanzia 1895 mpaka 1965, ikachapishwa Nairobi mwaka 1973. Ndani yake mna mambo ambayo sisi bado tunayabishania barazani: mkataba wa 1895, ukanda wa maili kumi, Sultani wa Zanzibar na lile suala la Mwambao ambalo Sir James Robertson alitumwa kulichunguza mwaka 1961. Kwa Kisii, William Ochieng' aliandika juu ya Wagusii kabla ya ukoloni, na Robert Maxon, Mmarekani, akatoa mwaka 1989 kitabu juu ya Wagusii na Waingereza kutoka 1907 hadi 1963. Brett Shadle naye ameandika juu ya kesi za ndoa za wasichana wa Kigusii, akitumia kumbukumbu za mahakama ambazo majirani zangu hapa hawajui hata kama zipo.

Na kwa wanaodhani ufadhili ni wa waliopata alama ya A tangu chekechea, wamkumbuke Ali Mazrui. Mtihani wake wa Cambridge haukumpa alama za kumpeleka Makerere. Alibaki Mombasa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, na mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi ilivyomvutia Gavana Philip Mitchell, aliyekuwa amehudhuria. Ufadhili wa kwenda Huddersfield ukapatikana mwaka 1955. Kutoka hapo akaenda Manchester, Columbia, kisha Oxford, na mwaka 1979 alikuwa akitoa mihadhara ya Reith kwenye BBC. Magavana wa kuja maulidini hawapo tena, na kwa kweli si utaratibu wa kuutamani. Lakini ufadhili wa siku hizi una fomu, na katika fomu kuna sehemu ya kueleza kwa nini alama zako zilianguka mwaka fulani. Watu wa pwani tunaona haya kuijaza.

Lugha ndiyo mali ambayo vijana wetu hawajui kuiuza. Mtafiti wa kutoka Ohio hutumia miaka miwili kujifunza Kiswahili kabla hajaweza kumhoji mzee. Msichana wa Nyamache anakijua, na Ekegusii ndiyo lugha ya mama yake. Mpwa wangu amesoma madrasa, kwa hivyo anaweza kusoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo maprofesa wengi wanalitafuta kwa tochi. Karatasi za W. E. Taylor, mmishonari aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ziko maktaba ya SOAS, London. Makavazini kuna barua za maliwali na makadhi. Sitii chumvi nikisema kijana wa Mji wa Kale mwenye Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza ana kitu ambacho kamati ya Oxford haitakipata kwa maombi mia mengine. Lakini sharti akiandike kwenye fomu, maana wenyewe tumezoea kuona kusoma herufi za Kiarabu ni jambo la kawaida kama kuvaa kanzu, hatulitaji kabisa.

Wadhamini nao, yaani walimu wawili au watatu wanaokuandikia barua. Hapa ndipo maombi mengi ya Kenya hufia. Mwalimu wa chuo anaambiwa siku tatu kabla ya mwisho, ana wanafunzi mia tatu, anaandika mistari minne kwamba kijana huyu ni mwenye adabu. Adabu ni kitu kizuri, lakini mwamuzi anataka kujua kama unaweza kukaa na faili la mwaka 1913 mpaka likuambie kitu. Mwendee mapema, miezi miwili kabla, ukiwa na swali lako limeandikwa ukurasa mmoja na insha yako bora uliyomwandikia. Mkumbushe kwa heshima. Mkumbushe tena.

Kalenda pia haikungoji. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba. Vyuo vingi vya Marekani hufunga uzamivu kati ya Desemba na Januari. Bonasi ya chai huku Nyamache hutoka karibu na Oktoba, na karo za mitihani ya Kiingereza ambayo baadhi ya vyuo huitaka si ndogo, kwa hiyo mwenye kutegemea bonasi apange kuanzia mwaka uliotangulia. Pasipoti ichukuliwe mapema. Cheti cha alama za chuo kiombwe kabla ya likizo, kwa sababu ofisi za usajili zinajulikana.

Mwanafunzi wangu ameamua mwaka huu asiombe. Mama yake alisikitika, akadhani zile 18,000 ndizo zimemvunja moyo. Sivyo. Amepata kazi ya mkataba katika shule moja ya jirani, saa zake zinaanza kuhesabika, na likizo ya Aprili tutapanda basi la Nairobi. Pale Moi Avenue, katika jengo la zamani la Bank of India, ndipo yalipo Makavazi ya Kitaifa. Unalipa ada ndogo, unaandikishwa, unapewa meza. Mafaili ya wilaya ya Kisii yana alama DC/KSI, ya mkoa wetu PC/COAST. Ataanza na ripoti za Kisii za mwaka 1913 na 1914, atafute kama afisa wa huku aliandika lolote siku alipoamka akakuta wafungwa wake wa Giriama hawapo. Mpwa wangu atatoka Mombasa kwa treni, akae meza ya pili na mafaili ya pwani. Nimewaambia kila mmoja abebe penseli, kwa sababu kalamu za wino haziruhusiwi mle ndani.